Mguu Uliokataa

Mtu ninayetaka kumwelezea hapa ndiye aliyemfanya kaka yangu aitwe mwongo mbele ya kambi nzima. Nimeanza na hilo makusudi, ili mtu asije akadhani nataka kumpamba. Nilimchukia kwa miaka, tena chuki ya kweli, ile unayoamka nayo kabla hujanawa uso. Baadaye ikaisha, ikaniachia kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina.

Tulimwita Bwana Vioo. Alikuwa na jina lake, jina la Kiislamu, maana alikuwa mtu wa Kondoa, lakini kambini hapakuwa na aliyelitumia, na yeye mwenyewe aliitikia hilo la vioo bila kinyongo. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakisukuma reli yao kupita nchi yetu kwenda magharibi, na hapo Dodoma palikuwa na nyumba ndefu ya mawe iliyofanywa hospitali ya vibarua. Ndani yake kulikuwa na chumba kimoja chenye mashine ya kupiga picha za mifupa. Mwenye mashine alikuwa daktari Mjerumani. Bwana Vioo ndiye aliyeiwasha, aliyeipangusa, aliyewalaza watu chini yake, na aliyeziosha zile picha, ambazo siku hizo hazikuwa za karatasi bali za vioo, kila kimoja na ukubwa wa sinia.

Mimi nilikuwa mchota maji wa chumba hicho. Nilikuwa mtu mzima, mjane, mama wa watoto wawili, mwenye mdomo mkali kuliko ilivyofaa kwa mjane. Vile vioo vilikunywa maji kuliko ng'ombe. Kila kimoja kilitaka kuogeshwa mara tatu, nasi Ugogo maji tunayafukua kwenye mchanga wa korongo kavu, unakaa kwenye kisima unangoja yajikusanye kikombe kwa kikombe. Ndoo zangu zilipitishwa mbele ya foleni kwa amri ya askari. Wanawake wenzangu walinitazama kwa jicho la kunila nyama, na haki walikuwa nayo.

Siku ya kwanza kuingia na ndoo nilikuta madirisha yamezibwa, mashine inalia kama mafuta yanayomwagiwa maji, na hewa ina harufu ile ya radi ikishapiga karibu. Bwana Vioo alikuwa amesimama mbele ya ubao unaong'aa kijani, mkono wake wa kushoto ameunyoosha. Juu ya ubao nikaona mifupa mitupu ya vidole, inajikunja na kujikunjua. Nusura nitupe ndoo.

"Usiogope, Mama Maji," akasema, na jina hilo likanishika toka hapo. "Ni mimi huyu huyu, ila nyama imekaa pembeni kidogo."

Alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mifupa ikionekana myeusi, taa ya mashine ina nguvu. Ikionekana ya kijivu, taa imechoka, anageuza vifundo mpaka iwe myeusi. Nikamuuliza kwa nini autumie mkono wake.

"Sasa nitumie wa nani? Wa daktari?"

Alicheka, nami nikacheka. Hatukujua tunacheka nini.

Alikuwa mtu wa sauti ya chini na kanzu safi, hata katika vumbi lile la kipupwe ambalo hutia wekundu kila kitu. Hakupenda ugomvi. Alipenda kukaa adhuhuri juu ya sanduku, nje ya ua wa hospitali, na kuwatazama wapita njia miguu. Uso hakuuangalia kabisa. Ungemsalimia shikamoo akaitikia huku macho yapo kwenye magoti yako.

"Yule, nyonga ya kushoto," alisema taratibu. "Yule mama, nyonga zote mbili, lakini anaficha. Yule mzima. Yule anajidai mzima."

Siku moja alipita askari mmoja mwenye makeke, buti zinang'aa, anapiga hatua kana kwamba ardhi imemkosea. Bwana Vioo akamwambia kwa adabu, "Bwana askari, goti lako la kulia linaomba ruhusa." Yule bwana alimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mvua hazijaanza tukamwona analetwa amebebwa kwenye machela, goti limevimba kama boga. Bwana Vioo hakumcheka. Alimlaza, akampiga picha, akamfunika shuka.

Nalisema hili ili ieleweke kwamba alijua. Macho yake yalijua na mikono yake ilijua. Watu wengine ujinga huwatetea, na yeye hakuwa nao.

Ujuzi huo hakuupata kwa daktari. Kabla ya mashine alikuwa mchinjaji wa kambi. Daktari alimwona akifungua nyonga ya dume la ng'ombe kwa kugusa kisu mara mbili tu, akauliza huyu ni nani, na kesho yake akamtia chumba cha giza. Tangu siku hiyo hakula nyama tena. Nilimtania sana kwa hilo, mchinjaji anayekula mlenda kama mwali. Alinijibu kwamba ameshaona vya ndani vya kutosha.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya mfupa kufa. Tulikuwa tunaosha vioo, nikamuuliza mambo ya ng'ombe wanaochechemea bila jeraha. Akaniambia kwamba juu ya paja kuna kichwa cha mfupa, kiduara, kinakaa kwenye kikombe chake. Kikiwa kizima kinang'aa, ukipitisha kidole kinateleza. Lakini alishafungua ng'ombe akakuta kichwa kimekauka, kina rangi ya njano, ganda lake linabanduka, na chini ya ganda ni unga.

"Kinakufaje ndani ya ng'ombe mzima?" nikauliza.

"Njia ya damu ikikatika. Mfupa nao unakula, Mama Maji. Ukinyimwa chakula unakufa kimya kimya, na ng'ombe anaendelea kutembea."

"Bila kujua?"

"Yeye anajua. Mchungaji ndiye hajui."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala zangu.

Mkono wake wa kushoto ulianza kuharibika mwaka wa pili. Kwanza kucha zilipasuka kwa urefu. Kisha ngozi ikawa nyekundu, ikakauka, ikachanika kwenye viungo. Alijipaka hina kwenye kucha ili kuficha, na vibarua wakamwita bibi harusi, wakampigia vigelegele akipita. Alitabasamu tu. Asubuhi aliendelea kuunyoosha mbele ya ubao. Nilimwambia atumie wa kulia angalau siku moja moja, akasema wa kulia ni wa kula na wa kuandika. Nilimwona mpumbavu, nikamwambia hivyo.

Sasa nije kwenye maneno mawili.

Vibarua waliumia kila siku, na wengine, sikatai, walidai kuumia. Daktari aliamini nusu yao ni wavivu. Nyapara, ambaye alikuwa mtu wetu mwenyewe na kwa hiyo mkali zaidi, aliamini wote ni wavivu. Mashine ndiyo ikafanywa shahidi. Mtu ambaye picha yake imeonyesha ubovu aliondolewa kwenye ubebaji. Ambaye picha yake haina kitu alipigwa viboko hamsa ishirini kwa kupoteza kioo cha serikali, kisha akarudishwa kwenye reli.

Hukumu ilitolewa nje, uani, mbele ya foleni yote. Bwana Vioo alitoka na kioo kinachuruzika maji, akakiinua juu, jua likapita ndani yake. Daktari alitazama, akasema lake kwa Kijerumani, naye Bwana Vioo akatangaza moja kati ya mawili: "Kimevunjika!" au "Safi!" Hapakuwa na neno la tatu. Na yule mtu wa sauti ya chini, wakati huo sauti yake ilifika mpaka kwenye mahema ya mafundi. Alisimama wima, mkono juu, kanzu nyeupe. Alipenda. Hilo nitalisema hata kama yupo peponi ananisikia: alipenda.

"Kioo hakidanganyi," alikuwa akisema, na vibarua walimwigiza.

Vioo vilivyoonyesha mifupa iliyovunjika viliwekwa kabatini na jina la mtu. Vile vilivyo safi daktari hakuvitaka. Vilipewa mimi, nikavimwagia maji ya moto, nikavikwangua ile picha yote, vikatiwa kwenye madirisha ya nyumba za wakubwa. Nilikwangua nyonga na magoti ya watu wengi ili upepo usiwapulize wakubwa usingizini.

Kabla ya kupiga picha ya nyonga, Bwana Vioo alikuwa na utaratibu wake. Alimlaza mtu chali, akashika miguu yote miwili, akaigeuza ndani mpaka vidole gumba vikutane, akavifunga pamoja kwa kitambaa. Bila hivyo, alisema, shingo ya mfupa inajificha. Miguu mizima inageuka kirahisi. Nilimwona akifanya hivyo kwa watu wengi hata nikaacha kutazama.

Kaka yangu alikuwa kwenye kikosi cha reli cha Zuzu, akibeba mataruma ya chuma yanayolazwa chini ya reli. Siku moja shehena iliporomoka kwenye toroli ikamwangukia, nyonga ya kushoto ikateguka. Wenzake walimvuta mguu kwa kamba mpaka ikarudi mahali pake kwa mlio ambao walisema waliusikia wote. Baada ya siku kadhaa alitembea. Miezi ilipita, akabeba kama kawaida. Halafu yakaanza maumivu, leo kwenye kinena, kesho kwenye goti, na goti halikuwa na kovu wala uvimbe. Nyapara akamwambia achague moja, kinena au goti, maana ugonjwa unaohamahama ni wa mtu asiyetaka kazi. Wakamleta Dodoma.

Nilikuwemo chumbani na ndoo. Bwana Vioo hakujua kwamba huyu ni kaka yangu, nami sikusema, kwa sababu sikutaka aonekane anabebwa. Alimlaza chali, akashika miguu. Wa kulia ukageuka. Wa kushoto ukaenda kidogo, ukakwama. Akajaribu tena, taratibu. Ukakwama palepale. Akauacha. Akaweka kiganja chake, kile chenye vidonda, juu ya nyonga ya kaka, akakaa hivyo kitambo kama mtu anayesikiliza ukutani.

Daktari akauliza kitu bila kugeuka. Bwana Vioo akajibu neno moja. Kisha akaukamata ule mguu, akaugeuza kwa nguvu, akafunga kitambaa. Kaka aliuma mkono wake mwenyewe ili asipige kelele.

Niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Niliona mguu unakataa, nikadhani kaka anakaza makusudi.

Nje, jua lilikuwa kali. Kioo kikainuliwa. Daktari akatazama, akatikisa kichwa. Bwana Vioo alikiacha juu muda mrefu kuliko siku zote, hilo nalikumbuka sasa ingawa siku ile sikulitilia maanani.

"Safi!"

Watu wakaangua kicheko. Nyapara akapiga makofi. Kaka akanitafuta kwa macho katika umati ule, akanipata, nami nikainamisha uso nikatazama maji ndani ya ndoo. Walimlaza kifudifudi hapo hapo uani. Nilihesabu viboko kwa kuvisikia. Baadaye nikapewa vioo vya siku hiyo nivikwangue, nikavikwangua vyote bila kuangalia cha nani ni kipi.

Jioni nilimpelekea uji alipolala, nikamwambia neno ambalo ningetoa kidole changu nilirudishe. Nilimwambia, "Kioo kimekuona mpaka ndani, kaka. Unataka tumwamini nani?"

"Niliyemo ndani ni mimi," akasema. Hakunywa uji.

Akarudi Zuzu kubeba chuma. Wenzake walimwita Safi. "Safi, shika upande huu. Safi, leo ni kinena au goti?" Alibeba hivyo hivyo, akijikokota, mpaka mwisho wa mavuno mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na hauwezi tena kumbeba hata yeye mwenyewe. Wakamleta mara ya pili juu ya machela, kwa kuwa sasa hapakuwa na namna ya kukataa.

Safari hii daktari alipokitazama kioo aliita wenzake wawili waje waone. Waliongea kwa furaha ya watu waliopata kitu walichokuwa wakikisoma vitabuni. Mimi sikuhitaji Kijerumani. Hata mchota maji aliona. Upande wa kulia kichwa cha mfupa kilikuwa duara. Upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea na kumong'onyoka, kama yai lililokanyagwa.

Bwana Vioo alikiinua juu. Foleni ikangoja.

"Kimekufa," akasema. Alisema kwa ile sauti yake ya chini ya siku zote, na nadhani tuliomsikia tulikuwa mimi na kaka peke yetu.

"Safi au kimevunjika?" nyapara akapaza sauti. "Sema watu wasikie."

Akakishusha kioo kidogo. Kisha: "Kimevunjika."

Na watu wakaelewa kwamba kaka ameanguka tena huko, akavunjika sasa, akapata alichokuwa akikitafuta. Jina la Safi halikumtoka. Walimwachisha kazi siku ileile.

Alasiri Bwana Vioo alinikuta kwenye karai la kuoshea. Alikuwa amekwisha kujua ni kaka yangu, kuna mtu alimwambia. Akasimama mbele yangu, mkono ameuficha kwenye mkono wa kanzu. Akasema, "Kioo hakidanganyi, Mama Maji. Kinachelewa tu. Mfupa ukifa leo, kioo hakioni mpaka uanze kubomoka."

Nilichukua ndoo ya maji machafu yenye dawa, nikammwagia mwili mzima. Hakujifuta. Niliacha kazi hapo hapo, na maji yao wakachote wenyewe.

Miaka ikapita. Reli ilikwisha kufika ziwani, vita vya Wazungu vikaanza, daktari akaondoka na jeshi, mashine ikapakiwa kwenye behewa. Boma bado lilikuwa la Wajerumani lakini hospitali ile ilifanywa ghala la nafaka. Nikasikia Bwana Vioo amehamia Mkonze, anaishi kwenye tembe ya mtu ambaye yeye aliwahi kumfunga mkono uliovunjika, na kwamba anaoza. Nilikwenda kumwona akiteseka. Nasema ukweli, maana nimeahidi kutompamba, na mimi pia nisijipambe. Nilichukua kibuyu cha maziwa mkononi ili watu wa njiani wasiniulize.

Nilibisha kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwa!"

"Mbukwenyi," sauti ikaitikia. "Mama Maji. Nyonga za kwako bado nzima. Nimekusikia unavyokanyaga."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mkono wa kushoto ulikuwa umebaki kidole gumba na nusu ya kinachofuata, umefungwa kitambaa, na chini ya kwapa kulikuwa na uvimbe uliomlazimu kukaa ameinua bega. Harufu ilikuwa nzito. Nilitegemea nitafurahi. Sikufurahi hata kidogo, nikakasirika kwamba hata hiyo furaha nimenyimwa.

Ndipo nikaona dirisha. Tembe zetu hazina madirisha ya vioo, lakini hapo palikuwa na tundu ukutani na vioo viwili vimepangwa bega kwa bega, jua la asubuhi linapita. Cha kulia nilikitambua mara moja. Lile yai lililokanyagwa.

"Na hiki kingine?" nikauliza.

"Ni chake. Cha kwanza."

"Cha kwanza nilikikwangua mimi."

"Ulikwangua cha mtu mwingine. Hiki nilikificha siku ileile."

Nikasogea. Nyonga mbili, duara mbili, nzuri zote. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nilitafuta ufa, kivuli, doa.

"Usijisumbue," akasema. "Nimekitazama kila asubuhi miaka yote hii. Nilitaka nione kitu. Hata alama ndogo, niseme, ah, hapa ndipo nilipokosea, macho yangu hayakuona. Hakina kitu. Ni safi, Mama Maji. Mpaka leo ni safi."

Alipumua kwa shida kidogo, akaendelea. "Lakini mguu ulikataa. Niliushika, ukakataa. Ng'ombe wangapi nimewashika hivyo! Nilijua kabla ya taa kuwaka. Daktari aliniuliza, kuna shida? Nikamjibu hakuna. Nikasema, acha kioo kiseme, mimi ni nani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kama mkono ungetosha, mashine ingekosa kazi, nami wangenirudisha kwenye ng'ombe." Akautazama ule mkono. "Sasa kioo kimeula chenyewe."

Nilimwekea maziwa karibu na mkono wa kulia, akaniambia, "Kamwambie kaka yako mguu ulikataa. Mwambie nilijua."

Nilikwenda Zuzu siku ileile. Kaka alikuwa kwenye kivuli cha ukuta anachonga mipini ya majembe, kazi aliyobaki nayo, mguu ameunyoosha pembeni kama kitu cha kuazima. Nikamwambia neno kwa neno. Aliendelea kuchonga mpaka nikadhani hakusikia.

"Aliyasema hayo mbele ya nani?" akauliza.

"Mbele yangu."

"Na siku ile, ile ya safi, ilikuwa mbele ya nani?"

Nilijua anachosema. Nilijua pia kwamba swali hilo lilikuwa langu kama lilivyokuwa la yule mwingine, kwa sababu mbele ya watu wale wote nilitazama ndoo. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Alfajiri nilirudi Mkonze. Nilidhani nitalazimika kumbembeleza, pengine kumkokota. Nilimkuta amevaa kanzu, fimbo mkononi, kile kioo cha kwanza amekitoa dirishani na kukifunga kwenye shuka. Hatukuongea sana njiani. Alipumzika kila baada ya hatua chache, na mimi nilibeba kioo.

Huko Zuzu watu walikuwa kwenye kiwanja cha kupuria uwele, wanawake na wanaume, fimbo zinapanda na kushuka, makapi yanaruka. Kaka alikuwa ameketi kando na mipini yake. Bwana Vioo hakumsalimia. Alikwenda mpaka katikati, akanipa fimbo nimshikie, akainua kioo juu kwa mkono wake wa kulia, jua likapita ndani. Watu wakaacha kupura.

Alipiga kelele kwa sauti ile ya zamani, au aliyobaki nayo. "Huyu mtu niliwahi kusema ni safi. Hakuwa safi. Mfupa wake ulikuwa umekufa na mimi nilijua. Mguu ulikataa, nikaufunga kwa nguvu. Hakudanganya yeye. Nilidanganya mimi."

Mama mmoja akamwuliza jirani yake, huyu mzee ni nani, na anamsema nani? Nikatazama nyuso zile. Wale wa kikosi cha reli hawakuwepo. Wengine walikufa, wengine walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, nyapara mwenyewe aliondoka na wakubwa zake. Waliokuwepo karibu wote walikuwa wageni wa jambo hili. Hawakuwahi kujua kwamba fundi wao wa mipini aliwahi kuitwa mwongo na kuchapwa uani. Sasa wakajua. Nikaona wanamgeukia kaka na kumtazama mguu kwa namna ambayo hawakuwahi kumtazama.

Bwana Vioo naye aliliona hilo. Mkono ukaanza kumshuka, nikakipokea kioo kabla hakijaanguka. Alisimama pale, mdomo wazi, anatafuta uso mmoja tu wa siku ile.

Kaka hakuinuka. Aliweka mpini chini, akapangusa makapi kwenye goti lake.

"Mpeni maji," akasema. "Ametoka mbali."

Nikaenda kuyachota.